Rubani Wawili

Neno ni moja, watu ni wawili.
Yeye alilipata kwanza: rubani,
aonyeshaye chombo mlango wa bandari.
Sisi wa angani tuliliazima baadaye, hatujalirudisha.
Kwa hiyo kila alfajiri, uwanja wa ndege wa Kisumu,
Wasonga Oyugi hunipa mkono na kusema,
"Rubani, nipeleke."
Nami hujibu, "Panda, rubani."
Mutoro wa winchi hucheka kila siku
kana kwamba ni mara ya kwanza.

Kilo tisini na nne, namwandika kwenye fomu.
Jumatatu zilizidi mbili.
"Ni harusi ya Ahero," akasema,
nikapunguza mafuta kwa hesabu ya wali na mbuzi.

Zamani boti ndogo ilimtosha.
Siku hizi gugumaji likiamua kulala gatini
limelala: kijani kitupu, ndege wanatembea juu yake,
na boti inanguruma palepale
kama ng'ombe aliyenasa topeni.
Meli nayo inangoja nje ya mlango wa Rusinga
na mchele wake wa Mwanza.

Watoto wa Ogal wanatukimbilia wakipunga.
Kwao helikopta ni ya mheshimiwa,
ina fulana, ina noti za mia.
Hata mama yangu, kule Butere, aliwaambia kanisani
kuwa nambeba mbunge. Sikumsahihisha.
Ningesema nini? Nambeba mtu mmoja na chupa yake ya chai,
namtua juu ya chuma kinachotembea?

Kuruka si kazi.
Kazi ni kusimama.
Meli inasogea, maji yanasogea,
upepo wa Uyoma unanijia ubavuni,
nami natakiwa niwe kigingi hewani,
miguu ikicheza kwenye pedali kama ya fundi cherehani.
Sitaha siioni. Iko chini ya tumbo langu.
Naona mlingoti tu, na mpishi mwenye aproni
aliyetoka kutazama.
Macho yangu ni sauti ya Mutoro:
mbele tatu,
mbele mbili,
kulia nusu,
tulia.
Tulia hapo hapo.
Anashuka.

Ndoano iguse chuma kwanza, mtu baadaye:
pangaboi huchuma umeme hewani.
Baharia mmoja mgeni aliidaka kwa mikono
akaketi bila kukaribishwa.
Na Wasonga akikanyaga sitaha, najua kabla sijaambiwa;
mashine inainuka kidogo,
kama kitanda mtu akiondoka usiku.

Kuna kitufe chekundu karibu na kidole gumba changu.
Kinakata kamba.
Tulifundishwa: ikinasa melini, kata,
mmoja asiwazamishe watatu.
Wasonga anakijua. Hajawahi kukiuliza.

Jumanne, mvua ya kutoka Homa Bay,
kamba ikajizungusha kwenye nguzo ya taa
naye akiwa bado hewani, kimo cha ghorofa mbili,
viatu vyake vikitafuta pa kukanyaga.
Meli ikalala upande. Ikatuvuta.
Kidole changu kilikwenda.
Kilifika.
"Ngoja," akasema Mutoro.
Nikangoja. Sijui ni muda gani; saa yangu inasema sekunde nne,
saa yangu haikuwa pale.
Kamba ikajifungua yenyewe, kwa uvivu,
kama mtu aliyechoka kubishana.

Aliiingiza meli gatini salama. Honi niliisikia
nikiwa nafuta mafuta mikononi.
Kwenye kiti alikuwa amesahau chupa.
Nikanywa chai yake yote, imesimama, bila kikombe.
Tangawizi ilizidi mno.

Alfajiri nikamrudishia.
Chombo hakirudishwi kitupu, ndivyo tulivyolelewa Butere;
niliijaza yangu, maziwa mengi.
Akaipima mkononi. Akatazama kidole changu,
kisha ziwa.
"Rubani," akasema, "nipeleke."
Mutoro hakucheka.
Nikamwandika kwenye fomu:
tisini na tatu, pamoja na chupa.